Gari Lililosimama: Uhakiki wa Picha Mnato za Motokaa za Awali, 1907–1935

Utangulizi

Picha mnato za motokaa za mwanzo zimezoeleka kusomwa kwa namna mbili. Wapenzi wa mitambo huzisoma kama daftari la mali: aina ya gari, kiwanda lilikoundwa, mwaka, idadi ya silinda. Wapenzi wa mambo ya kale huzisoma kwa kiu ya zama zilizopita, na wanachokiona ni barabara tupu, wanaume wenye kofia, mabibi waliofunga vitambaa kujikinga na vumbi, na ulimwengu uliokuwa haujaanza kukimbia. Usomaji wa kwanza haumwoni mtu kabisa. Wa pili humwona, lakini humremba hadi akapoteza haja zake, hofu zake na uchovu wake. Makala haya yanajadili picha chache mashuhuri za kati ya mwaka 1907 na 1935 kwa kushikilia hoja moja: kwamba historia ya motokaa iliyohifadhiwa na kamera ni historia ya gari lililosimama, na kwamba katika kule kusimama ndimo hudhihirika nani alilimiliki gari, nani alilivuta, nani aliliunda, na nani aliweza kuegemeza mkono wake juu ya boneti bila kuulizwa.

Kiswahili kinatoa istilahi inayoifaa hoja hii. Picha isiyo ya sinema huitwa picha mnato, yaani iliyonata mahali pake. Motokaa ilisifiwa tangu mwanzo kwa mwendo wake, ilhali chombo kilichoitunza sura yake hakikujua ila kunatisha. Brownie, kamera ya bei nafuu iliyotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1900 na kuuzwa kwa dola moja ya Kimarekani, iliwatia mikononi watu wa kawaida uwezo wa kujipigia picha, lakini iliwataka wapigaji na wapigwaji watulie. Gari lililopita kwa kasi mbele ya kamera ya namna hiyo lilitoka kama ukungu. Basi dereva alisimamisha gari, watu wakajipanga, picha ikapigwa. Kwa hiyo utulivu unaowavutia wapenzi wa mambo ya kale si sifa ya zama zile. Ni sharti la kamera, na kila aliyeonekana katika picha alilitii sharti hilo kwa sababu zake mwenyewe.

Gurudumu lililoinama

Kabla ya kuyaangalia magari yaliyosimama, yafaa kuitazama picha moja iliyokataa kusimama, maana ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko zote. Ilipigwa na Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1894 katika familia tajiri karibu na Paris, aliyepewa kamera akiwa bado mtoto. Inaonyesha gari la mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa likiwa na namba 6 ubavuni. Sehemu yake ya mbele imekatwa na ukingo wa picha. Gurudumu la nyuma si duara tena; limekuwa yai lililoinamia mbele, kana kwamba linataka kulitangulia gari lenyewe. Watazamaji walio kando ya barabara, pamoja na nguzo zilizo nyuma yao, wameinamia upande wa pili kama migomba iliyopigwa na upepo.

Umbo hilo halikubuniwa na mpigapicha. Kamera yake ilikuwa na pazia lenye mwanya mwembamba uliopita mbele ya bamba la kioo, ukiliangaza sehemu kwa sehemu. Muda ambao mwanya ulichukua kutoka upande mmoja hadi wa pili ulikuwa mfupi, lakini gari lilikuwa limekwisha kusogea. Hivyo sehemu ya chini ya gurudumu na ya juu zimeandikwa katika nyakati mbili tofauti. Lartigue naye aliigeuza kamera akilifuata gari, ila hakulifikia kwa kasi, na mgeuko huo ndio uliowainamisha watazamaji. Kwa maneno mengine, picha hii haina wakati mmoja. Ni nyakati nyingi zilizoshonwa pamoja, na mshono unaonekana.

Umaarufu wa picha hii ulikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1963 John Szarkowski, msimamizi wa idara ya picha katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, aliandaa maonyesho ya kazi za Lartigue, na mwezi Novemba mwaka huohuo jarida la Life likazichapisha katika toleo lilelile lililobeba habari za kuuawa kwa Rais Kennedy. Lartigue alitambulishwa kama mtoto mwenye kipaji cha asili, aliyeiona kasi ya karne ya ishirini kwa macho yasiyofunzwa. Uhakiki wa baadaye, hasa wa Kevin Moore, umeipinga hekaya hiyo kwa kuonyesha kwamba kijana huyo alilelewa ndani ya utamaduni wa matajiri waliopenda kamera, michezo na majarida ya picha, na kwamba alijua vizuri kilichokuwa kikipigwa na wenzake. Hata tarehe ya picha imesahihishwa. Kwa miaka mingi iliandikwa 1912. Namba ya gari na orodha za mashindano zimewaelekeza watafiti kwenye mwaka 1913.

Marekebisho hayo yana uzito, lakini yote yanahusu gari na mpigapicha. Watazamaji hawajaulizwa chochote. Wao ndio waliosimama kwa hakika katika picha ile, na wao ndio waliopindishwa. Inafaa kukumbukwa kwamba mashindano ya zama hizo yalifanyika katika barabara za kawaida, na kwamba mbio za Paris hadi Madrid za mwaka 1903 zilikatizwa na serikali huko Bordeaux baada ya madereva, makanika na watazamaji kadhaa kuuawa njiani. Mtu aliyesimama kando ya barabara miaka kumi baadaye alijua anasimama wapi. Usomaji unaosifu kasi tu huligeuza jambo hilo kuwa pambo la nyuma ya gurudumu.

Kamba na mpagazi

Picha za safari ya Paul Graetz zinampeleka msomaji mbali na matajiri wa Paris, na kwa msomaji wa Kiswahili zina uzito wa pekee kwa kuwa safari yenyewe ilianzia Dar es Salaam. Graetz, afisa wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, aliondoka mjini humo tarehe 10 Agosti 1907 kwa motokaa iliyoundwa maalumu na kiwanda cha Gaggenau, yenye magurudumu makubwa na tumbo lililoinuliwa juu ya ardhi, akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Mwaka 1910 alichapisha kitabu chenye picha, na anwani yake inatangaza safari ya kuvuka Afrika kwa motokaa.

Hesabu ndogo inatosha kulitikisa tangazo hilo. Safari ilichukua siku 630 na umbali wake ulikuwa takriban kilomita 9,500. Wastani wake basi ni kilomita 15 kwa siku, mwendo ambao msafara wa wapagazi usingeuonea wivu. Gari lilikwama, lilivunjika, lilingojea vipuri kutoka Ulaya, lilivushwa mito isiyo na madaraja. Na kila lilipokwama, palihitajika watu wa kulikwamua. Picha za safari hiyo zinawaonyesha: Waafrika wakiwa wameshika kamba, miguu imezama, migongo imeelekea kamera, huku gari likiwa nyuma yao. Kiarifa cha anwani ya kitabu ni kuvuka, na mtendaji wake ni motokaa. Picha zinatoa sarufi nyingine, ambamo motokaa ni shamirisho na watendaji ni wale walioshika kamba.

Hoja hiyo haiishii kwenye kamba. Gari halitembei bila petroli, na petroli ya Graetz ilitangulizwa kwenye vituo vya njiani kabla yake. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilifika Morogoro Desemba 1907, miezi minne baada ya yeye kuondoka. Kupita mwisho wa reli, ndani ya koloni hilo, mzigo uliingia bara juu ya kichwa na mabega ya mpagazi, kama ulivyoingia katika karne yote iliyotangulia. Gari lililotangazwa kuwa mwisho wa enzi ya wapagazi lilikunywa mafuta yaliyobebwa na wapagazi. Kamera haikuiona sehemu hiyo ya safari, kwa sababu kamera ilisafiri na gari, na debe la petroli lilikuwa limekwisha kupita.

Mwaka 1907 ndio pia mwaka ambao Vita vya Maji Maji vilizimwa, baada ya njaa iliyosababishwa kwa makusudi na jeshi la koloni kumaliza watu kusini mwa nchi. Picha za gari hazina kumbukumbu ya vita hivyo, na si lazima kila picha ibebe kila jambo. Hata hivyo, msomaji anayekutana na sura za wavuta kamba hawezi kuzitenga na mamlaka iliyokuwa nyuma ya kamera: mpigapicha alikuwa ofisa wa jeshi, na ombi la ofisa katika nchi iliyotoka vitani halikuwa ombi. Majina ya magari, ya viwanda na ya Wazungu walioandamana na safari yamehifadhiwa. Ya wavutaji kwa kawaida hayakuandikwa. Daftari la mali limefanya kazi yake.

Picha ghali kuliko zote

Ufunikaji wa kazi haukuwa wa makoloni peke yake. Kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T mwaka 1908 kwa dola 850, na mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park, Michigan, kilianzisha mkondo wa kuunganisha magari unaosogea wenyewe mbele ya wafanyakazi. Muda wa kuunganisha fremu ulishuka kutoka zaidi ya saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu hivi. Wafanyakazi waliichukia kazi hiyo kiasi cha kuikimbia, na ndiyo sababu moja ya kampuni kutangaza ujira wa dola tano kwa siku Januari 1914. Kufikia mwaka 1927 yalikuwa yameundwa magari milioni 15 ya aina hiyo.

Mwaka 1913 kampuni iliwatoa wafanyakazi wake nje ya kiwanda, wapatao 12,000, ikawapiga picha moja. Ni bahari ya vichwa na kofia. Kampuni iliisifu kuwa picha ghali kuliko zote zilizopata kupigwa, kwa kukadiria saa za kazi zilizopotea wakati watu wamesimama. Sifa hiyo yastahili kusomwa kama ilivyoandikwa. Thamani ya picha haikupimwa kwa waliomo, bali kwa magari ambayo hayakuundwa kwa kuwa wao wamo. Watu walisimama, na kusimama kwao kukaandikwa kama hasara. Picha hii haihitaji fasiri nyingi. Mwenye mali ameifasiri mwenyewe.

Koti la manyoya

Mwaka 1932 James Van Der Zee aliwapiga picha mwanamume na mwanamke katika mtaa wa 127 Magharibi, Harlem, New York. Wote wamevaa makoti mapana ya manyoya ya rakuni. Mwanamke amesimama kando ya gari aina ya Cadillac, uso umeielekea kamera. Mwanamume ameketi ndani, mlango ukiwa wazi, amegeuka nusu. Bodi ya gari inang'aa hadi kuakisi mtaa. Nyuma yao zipo nyumba za matofali na ngazi zake. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kuporomoka kwa soko la hisa la New York, na ukosefu wa kazi ulikuwa umewakaba Wamarekani weusi kuliko wenzao.

Picha hii ni picha ya studio iliyotolewa barabarani. Van Der Zee, aliyezaliwa mwaka 1886, alikuwa na studio Harlem tangu muongo wa 1910, na alijua kazi ya pazia lililochorwa, kiti cha kuchonga na chungu cha maua. Mwaka 1924 aliifanyia kazi harakati ya Marcus Garvey kama mpigapicha wake rasmi, akazipiga gwaride zake. Gari katika picha ya 1932 linafanya kazi ya kiti kile na pazia lile. Haliendi popote, wala halikuletwa liende. Limesimama ili wawili hawa waonekane wamesimama mahali panapowastahili.

Hapa uhakiki una deni la kulipa. Katika Camera Lucida, kitabu cha mwaka 1980 ambacho wanafunzi wa nadharia ya picha hukipitia karibu wote, Roland Barthes anaijadili picha nyingine ya Van Der Zee, ya familia iliyovaa vizuri mwaka 1926. Anaona humo juhudi ya watu weusi kujivika sifa za weupe, na anaiita juhudi hiyo yenye kugusa moyo kwa sababu ya ujinga wake wa kitoto. Kinachomchoma ni viatu vya mmoja wa wanawake. Baadaye anabadili mawazo na kusema ni mkufu wa dhahabu. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba mkufu unaoonekana katika picha ni wa lulu. Kosa hilo si dogo. Msomaji aliyejengea nadharia nzima juu ya jicho linalochomwa na kitu kidogo hakukiona kitu kidogo kilichokuwa mbele yake. Aliona mkufu wa mtu aliyemkumbuka kutoka nyumbani kwao.

Kwa kipimo cha Barthes, gari na manyoya ya mwaka 1932 yangehukumiwa vivyo hivyo: uigaji. Hukumu hiyo inadhani kwamba gari lina rangi ya mwenye nalo wa kwanza, na kwamba kila mwingine akiliegemea ameazima. Picha yenyewe inapinga. Haisemi gari ni la nani, na wawili hao hawaonyeshi wasiwasi wa mtu aliyeazima. Mwanamke hakuligusa gari kwa mshangao, kama wanavyofanya watu wa vijijini katika picha nyingi za miaka ya 1900. Amelipa ubavu kama mtu anayelipa ubavu jambo la kila siku. Aidha, Van Der Zee hakuwa akimpigia picha mtazamaji wa makumbusho. Alimpigia mteja, aliyelipa, aliyeichagua nguo yake na kuituma picha kwa ndugu zake. Ulimwengu wa makumbusho ulimgundua mwaka 1969 tu, katika maonyesho ya Harlem yaliyofanyika Metropolitan, alipokuwa amezidi miaka themanini. Kwa zaidi ya miaka thelathini picha ya gari lile iliishi bila mhakiki, na ilitimiza kazi yake.

Yeyote anayezijua studio za mwambao wa Afrika Mashariki, zenye mapazia ya ndege, meli na majumba nyuma ya mteja, hatahitaji kuelezwa sana. Mteja anayesimama mbele ya meli iliyochorwa hamdanganyi mtu kwamba amesafiri. Anasema anastahili kusafiri. Tofauti ya Harlem ni kwamba chombo ni cha chuma na mtaa ni mtaa wenyewe.

Gari lililokufa

Mpaka hapa gari limesimama kwa muda: kwa ajili ya kamera, kwa ajili ya tope, kwa ajili ya heshima. Mwaka 1935 Walker Evans, akiwa kazini kwa shirika la serikali ya Marekani lililoshughulikia umaskini wa vijijini, alipiga picha huko Pennsylvania ya magari yaliyosimama moja kwa moja. Yapo kwa makumi, yamerundikwa katika uwanda wa nyasi, mengine yamebanana ubavu kwa ubavu, rangi zimefifia, vioo havipo. Mbele ni nyasi tupu. Nyuma ni mstari wa miti na kilima. Ni magari ya muongo uliotangulia, wakati Ford na wenzake walipokuwa wakiyatoa viwandani kwa mamilioni, na huenda mengi yao yaliwahi kupigwa picha yakiwa mapya, mwenye gari akiwa ameweka mguu juu ya ubao wa kukanyagia.

Kiswahili husema gari limekufa, na Evans, aliyeichapisha picha hii katika kitabu chake American Photographs mwaka 1938, aliipa jina linalosema jambo hilohilo kwa njia yake: makaburi ya magari ya mtu aitwaye Joe. Picha imepigwa kwa umbali na kwa ubaridi. Haina huruma iliyotangazwa wala kejeli. Ndiyo picha pekee kati ya hizi ambayo ndani yake hakuna mtu hata mmoja: hakuna mtazamaji aliyepinda, mvuta kamba, fundi aliyeambiwa asimame, wala mwanamke mwenye koti. Na tukimwacha Graetz aliyejitaja mwenyewe, ndiyo pekee ambayo jina lake linamtaja mtu. Joe, mwenye uwanja, aliyeyanunua magari hayo yakiwa chuma chakavu, yumo katika maelezo na hayumo katika picha.